Juki TL-2010Q mbele ya vipande na matabaka: cherehani ya mifarishi nyumbani

Anayeshona mfarishi anaipa cherehani kazi mbili zisizofanana. Kwanza anaunga vipande: vitambaa viwili vyembamba vya pamba, mshono mmoja ulionyooka, ukingo wa robo inchi, mara mia kadhaa bila kuyumba. Kisha anapiga kwilti. Uso ulioungwa, pamba ya kati na kitambaa cha mgongo vinashonwa pamoja, na mzigo huo mnene unapaswa kupita chini ya mkono wa cherehani, kugeuzwa na kuvutwa huku na huku. Cherehani nyingi za nyumbani zinaiweza kazi moja vizuri na kuisumbukia nyingine. Idadi ya mishono iliyochapwa kwenye boksi haikwambii lolote kuhusu kazi hizi. Hata boksi likitaja mishono 200, mfarishi unautumia mmoja tu, ule ulionyooka, na pengine zigizagi pale palipobandikwa umbo la kitambaa juu ya kitambaa kingine.

Kwa hiyo tunaanza na cherehani inayojua mshono mmoja tu. Juki TL-2010Q haina zigizagi, haina mshono wa vifungo, wala haina mkono mwembamba wa kuingizia mkono wa shati. Kwa anayeshona mifarishi kwa wingi na ana cherehani nyingine yoyote ya zigizagi pembeni, hii ndiyo tunayoipendekeza kabla ya nyingine zote. Kwa anayetaka cherehani moja tu ya kazi zote za nyumbani, hatuipendekezi, hata akipewa kwa bei nafuu.

Robo inchi inavyopotea

Ukingo wa mshono wa mfarishi ni robo inchi, yaani milimita 6.35. Ni kipimo kidogo, na kosa lake halionekani kwenye mshono wa kwanza. Chukua safu ya vipande 12: ina mishono 11. Ukingo ukizidi nusu milimita tu, kila mshono unakula milimita moja, kwa kuwa unakula pande zote mbili. Safu nzima inapungua milimita 11. Safu ya jirani yenye vipande vinne ina mishono mitatu, nayo inapungua milimita tatu. Safu hizo mbili haziwezi tena kukutana, na mshonaji ataanza kuvuta kitambaa ili zilingane. Hapo ndipo uso wa mfarishi unapoanza kujaa mawimbi.

Kuna jambo jingine: mshono ukishapigwa pasi upande mmoja, mkunjo wenyewe unakula unyuzi mmoja au mbili za kitambaa. Hivyo mshono sahihi huwa ndani kidogo ya robo inchi. Namna ya kuupima ni hii. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi moja na nusu, viunge kandokando, vipige pasi, kisha pima. Kipande cha kati kinatakiwa kiwe inchi moja kamili, na upana wote uwe inchi tatu na nusu. Kati ikipungua, ukingo wako ni mpana. Ikizidi, ni mwembamba. Usiuamini mguu wa cherehani (kile kibanio kinachokandamiza kitambaa) ulioandikwa robo inchi mpaka umeupima hivi, kwa maana mguu uleule huleta matokeo tofauti kwenye cherehani mbili kulingana na pale sindano inaposhukia.

Cherehani inayokuwezesha kuisogeza sindano kulia au kushoto kwa hatua ndogo hurekebisha kosa hili kwa kubonyeza kitufe. Juki TL-2010Q haikupi nafasi hiyo: sindano yake inashuka mahali pamoja tu. Dawa ni kubadili mguu, au kubandika kwenye bamba la sindano, kile chuma bapa chenye tundu la sindano, kipande cha utepe mnene kama ukuta wa kuelekezea kitambaa. Ukuta huo ukishawekwa sawa, hausogei, na sindano nayo haisogei. Uthabiti huo una thamani kuliko marekebisho mengi yanayoweza kusahauliwa pale ulipoizima cherehani jioni.

Tundu la bamba na meno yaliyo chini yake

Hapa ndipo cherehani za bei kubwa zenye mishono mingi huwashangaza wanunuzi. Zigizagi pana inahitaji tundu pana kwenye bamba la sindano. Cherehani yenye zigizagi ya milimita 9 ina tundu la upana huo na zaidi, na meno yake ya kuvuta kitambaa yamesukumwa mbali, kulia na kushoto. Sasa weka kipande chenye ukingo wa robo inchi. Upande wa kulia wa sindano kuna milimita 6 tu za kitambaa, nazo zinaishia juu ya tundu au zinagusa ukingo wa meno ya kulia kwa shida. Meno ya kushoto yanavuta sawasawa, ya kulia yanashika hewa. Kitambaa kinaanza kupinda, hasa mwishoni mwa mshono, na mshonaji anajilaumu kwamba mkono wake haujatulia.

Pembe kali ya pembetatu ni mbaya zaidi. Sindano inapiga ncha ya kitambaa na kuisukuma ndani ya tundu, uzi unajikusanya chini, na cherehani inakwama kabla mshono haujaanza. Bamba la tundu dogo la duara, la mshono ulionyooka peke yake, linaondoa sehemu kubwa ya tatizo hili kwa sababu kitambaa hakina pa kuzama. Ukinunua cherehani ya zigizagi, uliza kama bamba hilo lipo na linauzwa. Jihadhari kuchagua zigizagi ukiwa umelifunga: sindano itagonga chuma na kuvunjika. Baadhi ya cherehani za kompyuta zina kihisi kinachokataa zigizagi bamba hilo likiwepo, nyingine hazina.

TL-2010Q imejengwa kwa tundu dogo tangu mwanzo, na meno yake yamekaa karibu na sindano. Vipande vidogo, hata vya inchi moja na nusu, vinaingia na kutoka vimenyooka. Bado tunashauri kuanzia juu ya kipande cha kitambaa chakavu, kisha kusukuma jozi za vipande moja baada ya nyingine bila kukata uzi katikati. Njia hii inaokoa uzi, inazuia pembe kuliwa, na inaharakisha kazi kuliko kasi yoyote ya mota.

Kasi, kisigino na goti

Juki wanaipa TL-2010Q mapigo 1,500 ya sindano kwa dakika. Mshonaji wa nyumbani hafiki huko mara nyingi, na hana haja. Kinachofaa zaidi ni kitelezi cha kuweka kikomo cha kasi: ukikiteremsha, hata ukikanyaga pedali mpaka mwisho cherehani haivuki kiwango ulichokiweka. Mota yake ina nguvu hata kwa mwendo wa pole, kwa hiyo sindano inapenya mahali mishono minane inapokutana bila kusita kisha kuruka. Mwili wake ni wa alumini na uzito wake unapita kilo 11, nao ni uzito wa manufaa: meza ikiwa imara, cherehani haitetemeki wala kutembea.

Kuna kiinua mguu cha goti, fimbo inayosukumwa kulia kwa paja ili mguu wa cherehani uinuke wakati mikono yote miwili imeshika kitambaa. Anayeijaribu mara ya kwanza huona ni pambo. Akishakutana na mfarishi mkubwa uliojaa mezani, ataelewa kwa nini hatuoni vema kununua cherehani ya kwilti isiyo na fimbo hiyo. Inahitaji siku kadhaa paja kuizoea.

Kikata uzi kipo, cha kitufe na cha kisigino kwenye pedali. Kwa kuunga vipande ni raha tupu. Kwa kupiga kwilti tunashauri kisitumike, kwa sababu kinaacha mkia mfupi wa uzi chini, na mkia huo ndio unaotakiwa kufungwa na kufichwa ndani ya pamba kwa sindano ya mkono. Mkia wa sentimita moja haufungiki. Nyuzi nene nazo zinaichosha kisu chake mapema, afadhali mkasi.

Kabla ya kununua miguu ya ziada, angalia urefu wa shina, yaani sehemu ya mguu inayofungwa kwenye cherehani. TL-2010Q inatumia miguu ya shina refu, wakati cherehani nyingi za nyumbani zinatumia ya shina fupi. Miguu uliyonayo nyumbani huenda isiingie. Faida yake ni kwamba miguu mingi ya viwandani ya mshono ulionyooka inaingia.

Nafasi chini ya mkono

Cherehani ya kawaida ina nafasi ya kama sentimita 16 kati ya sindano na nguzo ya kulia. TL-2010Q ina takriban sentimita 22. Tofauti ya sentimita 6 inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu.

Mfarishi wenye upana wa sentimita 150 unashonwa kuanzia katikati kwenda nje. Ukiwa katikati, sentimita 75 za matabaka matatu zimekunjwa au kusokotwa upande wa kulia, chini ya mkono wa cherehani. Unene ukiwa kama nusu sentimita, msokoto usiobanwa sana unakaribia kipenyo cha sentimita 8 hadi 10. Kwenye nafasi ya 16, unabakiwa na sentimita 6 hadi 8 za kuchezesha mkono. Kwenye nafasi ya 22, unabakiwa na 12 au zaidi, karibu mara mbili. Duara la ukubwa wa sahani linawezekana kwa mkupuo mmoja badala ya vipandevipande vyenye vifundo kila mahali.

Kimo nacho kinahesabika. Mkono wa cherehani ukiwa chini sana, msokoto unakwaruza na kuvuta kitambaa nyuma, na mapigo yanakuwa mafupi bila sababu inayoonekana. Ukienda kuijaribu cherehani, pitisha taulo kubwa lililosokotwa chini ya mkono wake. Jaribio hilo la dakika moja linakuambia zaidi ya karatasi ya vipimo.

Meza ni nusu ya kazi, na wanunuzi wengi huisahau. Uzito wa mfarishi ukining'inia nje ya meza, sindano inavutwa, inajipinda, inagonga bamba na kuvunjika. Uso wa kazi unatakiwa uwe sawa na kitanda cha cherehani, kwa meza ya kuongezea au kwa kuizamisha cherehani ndani ya meza, na kuwe na kitu kingine cha kuubeba mfarishi kushoto na nyuma. Ukiizamisha, fikiria mapema bobini utaibadilishaje. Bobini inayoingilia mbele au ubavuni inahitaji nafasi ya mkono chini. Ile inayodondoshwa kutoka juu inabadilishwa bila kugusa meza.

Kupiga kwilti kwa mistari na kwa mwendo huru

Kwa mistari iliyonyooka unahitaji mguu unaotembea, ule wenye meno yake wenyewe yanayovuta tabaka la juu sambamba na meno ya chini. Bila huo, uso unasukumwa mbele, mgongo unavutwa nyuma, na mistari inapokatana vinatokea vijikunjo visivyofutika kwa pasi. Urefu wa pigo uwe milimita 2.5 hadi 3, na mwendo uwe wa pole: mguu huu ni mzito na haukuundwa kwa mbio.

Mwendo huru ni jambo jingine. Meno yanateremshwa, mguu wa kurukaruka unafungwa, na mkono wa mshonaji ndio unaoamua urefu wa kila pigo. Hapa malalamiko ya mkazo wa uzi ndiyo yanayotawala, na mara nyingi mkazo hauna hatia. Geuza kitambaa uangalie mgongo. Ukiona kwenye mipindo tu uzi wa juu umelala kama kope za jicho, wakati mistari iliyonyooka ni mizuri, mkono wako unakimbia kuliko sindano pale unapopinda. Ongeza kasi ya sindano kidogo au punguza ya mkono. Kope zikiwa kila mahali, kaza uzi wa juu nusu namba kwa wakati mmoja. Ukiona juu kuna vidoti vya uzi wa bobini, umekaza kupita kiasi.

Mkazo wa bobini yenye kasha la kuchomoka unapimwa hivi: ning'iniza kasha kwa uzi wake, litikise kidogo. Linatakiwa lishuke sentimita mbili au tatu na kusimama. Likiporomoka mpaka chini, limelegea. Lisiposhuka kabisa, limebana. Skrubu yake ni ndogo mno, izungushe kama mshale wa dakika unavyosogea dakika tano, si zaidi, kisha pima tena. Fanya kazi hiyo juu ya sahani, maana skrubu hiyo ikidondoka haionekani.

Mapigo yanayorukwa kwenye mwendo huru mara nyingi yanasababishwa na kitambaa kupanda pamoja na sindano, kwa kuwa mguu wa kurukaruka umekaa juu mno na haukigusi. Shusha mguu mpaka uguse matabaka kwa wepesi sindano ikiwa chini. Kama bado, badilisha sindano. Namba 80/12 inatosha kwa kuunga vipande vya pamba, 90/14 kwa matabaka matatu. Uzi wa pamba namba 50 unafaa kazi zote mbili. Kumbuka namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi.

TL-2010Q inateremsha meno kwa kitufe na inaushika uzi kwa mkazo thabiti hata kwa kasi, lakini hairatibu urefu wa pigo. Anayesumbuliwa na jambo hilo miaka nenda rudi aangalie Bernina zenye mguu wa BSR: kihisi ndani ya mguu kinasoma mwendo wa kitambaa na kuamuru sindano iende haraka au pole ili mapigo yalingane. Inafanya kazi kweli, mradi mkono usikurupuke kupita uwezo wake. Gharama yake iko kundi jingine kabisa.

Nyingine zinazostahili kupimwa

Brother PQ1500SL ndiyo mshindani wa karibu. Nayo ni ya mshono ulionyooka tu, mapigo 1,500 kwa dakika, kiinua mguu cha goti, kikata uzi, pigo refu mpaka milimita 7, na miguu ya shina refu. Ina kitu ambacho Juki haina: kipini kidogo kinachochomoza kati ya meno na kukishika kitambaa kutokea chini ili matabaka yasiteleze. Kwa vitambaa vinavyoteleza ni msaada mkubwa. Kwa vyepesi sana kipini kinaweza kuacha alama, basi jaribu kwenye chakavu kwanza. Kati ya hizi mbili, tofauti ni ndogo kiasi kwamba upatikanaji wa fundi na vipuri karibu nawe ndio uamue.

Pfaff zenye IDT zina mkono mdogo nyuma ya mguu unaoshuka na kuvuta tabaka la juu, ukiwa sehemu ya cherehani yenyewe. Unautegua usipouhitaji. Kwa mistari iliyonyooka na kwa kushona mkanda wa pembeni mwa mfarishi, hakuna mguu unaotembea wa kununuliwa kando unaoufikia kwa wepesi. Na kwa kuwa cherehani hizi zina zigizagi pia, ndizo tunazomwelekeza anayetaka moja tu ya kazi zote. Aangalie tu upana wa zigizagi kwa sababu tulizokwisha kueleza. Zigizagi ya milimita 7 ni rafiki zaidi wa robo inchi kuliko ya 9.

Singer 221, maarufu kama Featherweight, ilitoka mwaka 1933 na hadi leo inatafutwa na waunga vipande. Mwili wa alumini, uzito wa kama kilo 5, mshono ulionyooka peke yake, na tundu dogo la sindano. Kwa kuunga vipande ni nzuri kwelikweli: pigo lake linasifiwa kwa unyoofu, na inabebeka kwa mkono mmoja. Kwa kupiga kwilti haifai. Nafasi chini ya mkono ni finyu na meno yake hayateremshwi, ni lazima yafunikwe. Mnunuzi aangalie mambo mawili: volti zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mota, zilingane na umeme wa kwake, na kasha la bobini liwepo, kwani bobini zake ni za aina yake na kasha la asili halipatikani kirahisi likipotea.

Cherehani nyeusi za chuma za aina ya Singer 15, za umeme au za miguu, ziko nyingi na zinauzwa bila heshima inayostahili. Ya miguu inaacha mikono yote miwili huru na inakwenda pigo kwa pigo, jambo ambalo mota nyingi za bei ndogo haziliwezi. Ya kuzungusha kwa mkono inakuachia mkono mmoja wa kuongoza kitambaa. Kwa vipande inawezekana, kwa kwilti ni mateso. Kosa la kawaida kwa cherehani hizi ni kuweka sindano upande usio wake. Kwenye Singer 15, kama kwenye 221, upande bapa wa sindano unatazama kushoto na uzi unapita kutoka kulia kwenda kushoto. Ukikosea, cherehani nzima itahukumiwa kuwa mbovu kwa sababu haishiki uzi wa chini.

Siku ya kuijaribu

Usijaribu kwa kitambaa cha muuzaji, ambacho mara nyingi kimetiwa wanga kikawa kigumu na kinashoneka na chochote. Beba vipande vyako vya pamba, sindano mpya, nyuzi za rangi mbili tofauti moja juu na nyingine chini, na kifurushi cha matabaka matatu chenye upana wa sentimita 30.

Shona vipande vitatu vya inchi moja na nusu na upime. Kisha chukua vipande viwili vya urefu wa sentimita 60 sawasawa, viunge bila kuvuta wala kubana kwa pini. Mwisho wake cha chini kikiwa kifupi kuliko cha juu kwa zaidi ya milimita tatu, mguu unakandamiza mno. Tafuta skrubu au kitufe cha kupunguza ukandamizaji na urudie. Isiyo na marekebisho ya ukandamizaji, iache. Ingiza pembe kali ya pembetatu bila kitambaa cha kuanzia, uone kama itaimeza. Kanyaga pedali kwa wepesi kabisa: mota ikinguruma kwanza kisha kuruka mapigo matano, hutaweza kusimama pale unapotaka. Simama ukiwa katikati ya mshono na uone kama sindano inaweza kuachwa chini, ili kitambaa kisiteleze unapokigeuza. Malizia na kifurushi cha matabaka, meno yakiwa chini, chora duara kadhaa, na ukague mgongo.

Ukianza tu na chini kukatokea kiota cha uzi, usiikatae cherehani mara moja. Inua mguu, chomoa uzi wa juu na uupitishe upya, kwa sababu visahani vya mkazo hufunguka mguu ukiwa juu na hubana ukiwa chini. Uzi uliopitishwa mguu ukiwa chini haukai kati yake. Shika mikia yote miwili kwa mapigo matatu ya kwanza. Kiota kikirudi baada ya hapo, tatizo ni la cherehani.

Uzi unaokatika mahali pamoja kila mara unaashiria mkwaruzo kwenye tundu la bamba au kwenye ncha ya ndoano, ile inayokamata uzi wa juu kule chini. Pitisha kucha, ikikwama, umeupata. Bamba lenye mkwaruzo linabadilishwa kirahisi. Ndoano iliyokwaruzika kwenye cherehani ya mtumba ni sababu ya kutosha kuomba bei ipunguzwe sana, au kuondoka.

Vumbi la pamba ndilo linalozichosha cherehani za mifarishi, kwa sababu pamba ya kati hutoa manyoya kila sindano inapopita. Fungua bamba na ufagie kwa brashi kila unapomaliza bobini mbili au tatu, usipulize kwa mdomo wala kwa kopo la hewa, kwani manyoya yanaingia ndani zaidi na unyevu unafuata. Ndoano ya chuma ya TL-2010Q na ya Singer za zamani inataka tone moja la mafuta safi ya cherehani mara kwa mara, kisha ushone kitambaa chakavu mpaka doa liishe. Cherehani zenye kikapu cha plastiki cha bobini ya kudondosha hazitiwi mafuta pale, isipokuwa kitabu chake kimeagiza hivyo. Mafuta yakichanganyika na manyoya juu ya plastiki yanakuwa tope zito, na bobini inaanza kuvuta uzi kwa mikupuo.